Sindano ya Kila Wiki Nne

Penisilini ya benzathini huja ikiwa unga mweupe ndani ya kichupa. Nesi hutia maji ya sindano, akakitikisa kichupa mpaka dawa iwe nzito kama tui la kwanza, kisha huivuta upesi kwenye bomba kabla haijaziba tundu la sindano. Huchomwa kwenye nyama ya tako au paja, polepole, na mtoto hutoka chumbani akichechemea. Kesho yake bado anakaa kwa upande. Baada ya wiki nne anatakiwa arudi achomwe tena. Aliyeanza akiwa na miaka 10, na valvu za moyo wake zimekwisha kuharibika vibaya, anaweza kuambiwa aendelee hivyo mpaka afike miaka 40. Hizo ni sindano 13 kwa mwaka, 390 kwa jumla, na nyingi kati yake atazifuata akiwa hajisikii kuumwa hata kidogo.

Kwa zaidi ya miaka 80 madaktari wamekuwa wakijiuliza kwa nini mgonjwa wa moyo apewe dawa inayofaa kisha asiitumie. Jibu la haraka lilikuwepo siku zote, nalo lilimwangukia mgonjwa: mzembe, haelewi, mama yake hakusoma. Kwenye kliniki zetu mgonjwa wa namna hiyo ana jina lake kabisa, mtoro. Lakini kila walipotokea watu wa kupima jambo hili kwa makini, lawama hiyo ilipungukiwa na ushahidi.

Ugonjwa wenyewe huanzia kooni. Mtoto wa miaka kati ya 5 na 15 hupata mafindofindo yaliyoletwa na bakteria aina ya streptokoka. Koo linapoa lenyewe, na wiki mbili tatu baadaye viungo vinaanza kuvimba: leo goti, keshokutwa kifundo cha mguu. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Kinga ya mwili iliyoamshwa kupigana na bakteria hugeukia pia valvu za moyo. Shambulio la kwanza linaweza kupita bila kuacha kovu kubwa, lakini yanayofuata ndiyo huharibu zaidi. Valvu hukakamaa, hushikamana au huvuja, na kijana wa miaka 25 anashindwa kupanda ngazi bila kutua njiani. Kwa hiyo kazi yote ya penisilini hapa ni kuzuia koo lisiambukizwe tena. (Koo la mtoto, kwa bahati mbaya, lina historia nyingine huku kwetu: wazazi wengi wamewapeleka watoto kukatwa kimeo wakiamini ndicho kinacholeta kikohozi na maumivu, na bakteria wakabaki palepale walipokuwa.)

Leo tunazoea kuuita ugonjwa wa nchi maskini. Miaka ya 1920 na 1930 ulikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyoua watoto wengi wa shule huko Marekani, hasa wa familia zilizobanana katika vyumba vya kupanga vya New York, Boston na Baltimore. Tiba haikuwepo. Mtoto alilazwa kitandani miezi kadhaa, wengine mwaka mzima, katika nyumba maalumu zilizojengwa nje ya miji. Mojawapo ilikuwa Irvington House, kando ya mto Hudson, kaskazini ya jiji la New York.

Mwaka 1939 Alvin Coburn wa New York na Caroline Bedell Thomas wa Baltimore, kila mmoja na wenzake, walitangaza kwamba vidonge vya salfa vikimezwa kila siku humkinga aliyekwisha kuugua asipatwe na shambulio jingine. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wasiosikia maumivu kuambiwa wameze dawa kila siku, mwezi baada ya mwezi, ili kuzuia bakteria ambao hawajafika bado. Salfa ilikuwa na madhara yake, vipele vya ngozi na wakati mwingine kushuka kwa chembe nyeupe za damu. Penisilini ilipopatikana kwa wingi baada ya vita ilichukua nafasi hiyo bila ubishi mkubwa.

Sindano ndefu ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1950. Gene Stollerman, daktari wa Irvington House, aliripoti mwaka 1952 kwamba dozi moja ya uniti milioni 1.2 za penisilini ya benzathini hukaa mwilini wiki kadhaa na inatosha kuchomwa mara moja kwa mwezi. Wenzake wakaanza utafiti uliochukua miaka mitano. Watoto na vijana zaidi ya 400 waligawanywa makundi matatu: wa salfa ya kila siku, wa penisilini ya kumeza, na wa sindano. Waliochomwa, shambulio jipya lilimpata chini ya mtu mmoja kwa kila 100 kwa mwaka. Makundi ya vidonge yaliugua tena mara kadhaa zaidi ya hapo, na la penisilini ya kumeza ndilo lililofanya vibaya kuliko yote. Si kwamba wote walioshindwa walikuwa wameacha vidonge, kwani baadhi yao walimeza vizuri na bado wakaugua. Hata hivyo sindano ilikuwa na sifa ambayo kidonge hakina. Ikishaingia mwilini, daktari hahitaji tena kuuliza kama mgonjwa ameitumia.

Kuuliza kwenyewe kulikuwa na kasoro kubwa, nayo ilifichuliwa katika miaka ya 1960. Mwaka 1963 Abraham Bergman na Richard Werner walichapisha habari za watoto 59 walioandikiwa penisilini ya kumeza kwa siku 10 kwa ajili ya koo. Dawa ilikuwa bure na familia zilielezwa mtoto anaumwa nini. Siku ya tatu zaidi ya nusu walikuwa wameacha, na ilipofika ya tisa, zaidi ya wanane katika kila kumi. Miaka michache baadaye Leon Gordis na wenzake huko Baltimore waliwauliza wagonjwa wa baridi yabisi na mama zao kama dawa inamezwa, kisha wakapima mkojo kuona kama penisilini imo. Majibu ya mdomoni yalipendeza kuliko ya mkojo. Mtu anayemtegemea daktari hapendi kumwudhi, na swali la “unakunywa dawa?” kwenye chumba cha daktari lina jibu moja tu linaloruhusiwa.

Wakati huohuo, kwenye shinikizo la damu, mkojo ulikuwa ukitumiwa kwa kazi nyingine. Edward Freis, aliyeongoza utafiti mkubwa katika hospitali za askari wastaafu wa Marekani, aliwapa kwanza wanaume waliotaka kushiriki vidonge visivyo na dawa yoyote isipokuwa vitamini B2. Vitamini hiyo hutoka kwenye mkojo na kung'aa manjano-kijani ukimulikwa kwa taa ya mionzi ya urujuanimno. Ambaye mkojo wake haukung'aa, au aliyerudi na vidonge vingi kupita hesabu, aliondolewa kabla utafiti haujaanza. Waliobaki 143, wenye shinikizo kubwa, wakagawanywa. Matokeo ya mwaka 1967 yalibadilisha udaktari wa dunia: matukio mabaya 27 kwa waliopewa vidonge vitupu, mawili tu kwa waliopewa dawa. Ni ushahidi mzito na unastahili heshima yake. Lakini ulipatikana kwa kuwatoa watoro mlangoni, jambo ambalo daktari wa zahanati hana ruhusa ya kulifanya.

Aliyelichukua swali la watoro kuwa kazi ya utafiti ni David Sackett, pamoja na Brian Haynes, wa Chuo Kikuu cha McMaster katika mji wa Hamilton, Kanada. Hamilton ni mji wa viwanda vya chuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walichukua wafanyakazi 230 wa chuma waliogundulika kuwa na shinikizo la damu, wakajaribu mambo mawili ambayo mtu yeyote mwenye akili angeyapendekeza. La kwanza lilikuwa kumleta daktari kazini ili mfanyakazi asipoteze muda barabarani. La pili lilikuwa kumfundisha mgonjwa ugonjwa wake mpaka aujue. Baada ya miezi sita waliofundishwa walijua mengi kuliko wenzao, kumeza dawa kukawa vilevile. Waliohudumiwa kazini nao hawakuwazidi waliofunga safari kwenda kwa madaktari wa mjini. Mabaya zaidi, wanaume walioambiwa kwa mara ya kwanza kwamba wana shinikizo walianza kukosa kazi kwa siku nyingi kuliko zamani, ingawa mwili wao ulikuwa uleule wa juzi.

Kilichosaidia kilikuwa kidogo na hakikuwa cha kifahari. Katika jaribio lililofuata, lililochapishwa mwaka 1976, walioshindwa kumeza walifundishwa kujipima shinikizo nyumbani, wakasaidiwa kuunganisha kidonge na shughuli wanayoifanya kila siku, na kila wiki mbili walionana na mtu aliyeangalia maendeleo yao na kuwapongeza. Hapo dawa ikaanza kumezwa. Elimu kwa mgonjwa ni neno linalopendwa sana katika mipango ya afya yetu hadi leo, na bango hubandikwa ukutani kwa gharama ndogo. Kumpata mtu wa kuonana na mgonjwa kila wiki mbili ni shughuli nyingine.

Kisha ukaja mwaka 1980, na tarakimu ambazo hazijaacha kuwasumbua wataalamu. Utafiti wa Marekani uliowafuatilia wanaume waliowahi kupata shambulio la moyo ulilinganisha dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu na kidonge kitupu. Ndani ya miaka mitano, waliomeza dawa kwa uaminifu walifariki asilimia 15.0, na waliomeza ovyo asilimia 24.6. Hapo mtu angeweza kushangilia dawa. Lakini waliomeza kidonge kitupu kwa uaminifu walifariki asilimia 15.1, na waliokimeza ovyo asilimia 28.2. Unga usio na kitu hauwezi kumlinda mtu asife. Anayeweza kumeza vidonge kila siku kwa miaka mitano bila kukosa, yawezekana ana mengine ambayo mwenzake hana: usingizi wa kutosha, chakula cha uhakika, mtu wa kumkumbusha nyumbani, nauli.

Kwa watoto wa baridi yabisi, nchi mbili zilizo mbali sana zililifanyia kazi jambo hilo mapema. Auckland, New Zealand, ambako ugonjwa huu uliwaandama watoto wa Kimaori na wa visiwa vya Pasifiki, kuliwekwa daftari la wagonjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Manesi wa jamii wakawa wanaifuata ratiba ya kila mtoto na kwenda kumchoma shuleni au nyumbani kwao. Jimbo la Pinar del Río, magharibi ya Kuba, lilianza mpango wake mwaka 1986 kwa kutegemea madaktari wa familia wanaoishi mitaani pamoja na wagonjwa wao. Wakati huo nusu tu ya waliotakiwa kuchomwa ndio waliochomwa bila kukosa. Miaka kumi baadaye walikuwa zaidi ya asilimia 93. Dawa haikubadilika, wala uchungu wake.

Tanzania nayo ilikuwa na somo la aina hiyo mkononi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mpango wa taifa wa kifua kikuu, ukishirikiana na Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia, uliwapa wagonjwa dawa huku mhudumu akiwaangalia wakimeza, na uliandika matokeo ya kila mmoja katika daftari. Mfumo huo ulienea duniani kote. Lakini kifua kikuu kina mwisho, baada ya miezi kadhaa mgonjwa anapewa cheti cha kupona. Moyo hauna cheti hicho, na wakati wote huo haukuwa na mfadhili wa nje wala mpango wake wa taifa wenye nguvu kama ule.

Hali ilivyokuwa ilionekana wazi katika utafiti uitwao REMEDY, ulioongozwa na Bongani Mayosi wa Cape Town. Ulikusanya wagonjwa 3,343 wenye ugonjwa wa moyo uliotokana na baridi yabisi katika nchi 12 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda, pamoja na India na Yemen. Nusu yao walikuwa na miaka 28 au chini ya hapo, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Waliokuwa kwenye penisilini ya kinga walikuwa asilimia 55.

Ndani ya kundi hilo kuna wenye mzigo mzito zaidi, waliobadilishiwa valvu. Kwa miaka mingi Watanzania wengi wa aina hii walipelekwa India. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianzishwe Dar es Salaam mwaka 2015, upasuaji mwingi unafanyika nchini. Huko Nairobi, Hospitali ya Mater imekuwa ikiwakimbiza wakazi wa jiji kila mwaka katika mbio za kuchangia watoto wenye matatizo ya moyo. Mbio na picha za gazeti huishia kwenye upasuaji. Mgonjwa aliyewekewa valvu ya chuma hurudi nyumbani na warfarini, dawa ambayo iliuzwa kwanza Marekani mwaka 1948 kama sumu ya panya na ikaanza kutumiwa kwa binadamu miaka sita baadaye. Watu huiita dawa ya kuyeyusha damu. Ikipungua, damu huganda kwenye valvu, na ikizidi, mgonjwa anaweza kuvuja damu ndani ya ubongo. Kujua iko wapi kunahitaji kipimo cha damu cha mara kwa mara, maisha yote.

Mboga za majani nazo zimo katika hesabu hiyo. Mchicha, matembele na kisamvu vina vitamini K nyingi, ambayo huipunguza nguvu warfarini. Mgonjwa haambiwi aache mboga, anaambiwa ale kiasi kilekile kila wiki. Ushauri huo umeandikwa kwa ajili ya mtu anayenunua chakula kwa mpango. Anayekula kisamvu msimu wa mvua kwa sababu ndicho kilichopo, na dagaa msimu wa kiangazi kwa sababu hiyohiyo, atabadilika vipimo bila kukosa kidonge hata kimoja. Katika REMEDY, waliokuwa wakitumia dawa hizi na damu yao ikawa kwenye kiwango kinachotakiwa hawakufika theluthi moja. Na kwa kuwa wengi ni wanawake vijana, kuna la ndoa na uzazi pia: warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Anayeiacha kwa sababu anatamani kuzaa huandikwa kwenye faili kwa neno lilelile la aliyepitiwa na usingizi.

Mara nyingine anayesita si mgonjwa. Zilitokea habari za wagonjwa waliofariki muda mfupi baada ya kuchomwa penisilini, na kila mara mshukiwa wa kwanza alikuwa mzio. Baadhi ya manesi wakaogopa kuchoma kabisa. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa ushauri kwamba kwa wenye valvu zilizoharibika vibaya, vifo hivyo huenda vinatokana zaidi na moyo dhaifu kushindwa kuhimili maumivu na mshtuko wa sindano. Kikashauri kundi hilo lipewe penisilini ya kumeza. Mgonjwa mwingine hufika na kadi yake siku aliyopangiwa, akaambiwa dawa hakuna, akatafute madukani. Penisilini ya benzathini imeadimika duniani zaidi ya mara moja, kwa sababu viwanda vinavyotengeneza malighafi yake ni vichache na faida yake ni ndogo.

Ndiyo maana kilichofanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, kilisomwa kwa makini na watu wa fani hii. Andrea Beaton, Emmy Okello na wenzao kutoka Taasisi ya Moyo ya Uganda na Marekani waliwapima kwa altrasaundi ya moyo zaidi ya watoto 100,000, wengi wao wakiwa shuleni na hawana dalili yoyote. Wenye dalili za mwanzo kabisa kwenye valvu, 818, waligawanywa: nusu wachomwe kila wiki nne, nusu wasichomwe. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa watoto 33 wasiochomwa, na watatu tu waliochomwa.

Hayo ndiyo yaliyotangazwa mwaka 2021. Yaliyotangazwa kidogo ni kwamba watoto walihudhuria karibu sindano zote, katika eneo lililokuwa limetoka vitani muda si mrefu, na kwa dawa ileile inayochechemeza. Watafiti waliweka wahudumu wa kufuatilia kila familia, na watoto wakakutanishwa katika vikundi vya wenzao wenye hali kama yao. Mtoto aliyekuwa akidhani ni yeye peke yake kijijini mwenye sindano za kila mwezi aliwakuta wengine kwenye benchi moja, wakicheza wakisubiri zamu.

Nje ya utafiti wahudumu hao ni mishahara, na mishahara haimo kwenye bei ya kichupa. Uganda sasa inalinganisha tena kile kilicholinganishwa New York miaka 70 iliyopita: watoto wenye ugonjwa wa mwanzo wanapewa ama sindano ama vidonge vya penisilini vya asubuhi na jioni. Vidonge vikionekana kulinda sawa, mtoto ataepuka sindano 13 kwa mwaka na atakuwa na vidonge 730 vya kukumbuka.